Tangi la Bwana Turubai

Majina ya watu wa Changamwe ya wakati ule ninayo yote kichwani. Katana mvuta mkokoteni na Dama mkewe. Bi Mwanaisha, mavyaa yangu. Hata punda wa muuza maji nalikumbuka jina lake, aliitwa Sikudhani. Jina moja tu silitaji, na hilo nalijua kama nijuavyo la kwangu. Ni la bavyaa yangu, baba wa mume wangu wa kwanza. Kwetu mke hamtaji bavyaake kwa jina, awe hai awe amekufa. Wajukuu wanicheka, wasema, "Nyanya, andika tu, kwani ataamka?" Hataamka. Lakini mkono wangu hauwezi kuliandika. Humu nitamwita Fundi, kama walivyomwita wote waliokuwa na ndoo inayovuja.

Alikuwa fundi bati. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba, kando ya njia iendayo Chaani. Alikuwa na seredani moja ya mkaa, mivukuto ya ngozi ya kupulizia moto, mkasi wa bati, nyundo tatu, na kichuma cha shaba cha kutilia lehemu. Wakati wa vita vikuu vya pili askari walikuwa wengi upande ule na mikebe yao ilitupwa ovyo, naye akaiokota akafanya vikombe na vibatari. Kikombe nilichonywea mimi kilikuwa na maandishi ya kizungu kwa ndani, kwa kuwa aliligeuza bati ili upande mzuri uwe nje. Kila asubuhi nilisoma biskuti chini ya chai. Kusoma kwangu wakati ule ndiko huko.

Fundi alifanya kazi kwa sikio. Watu walifikiri macho yake mabovu, kumbe hayakuwa na neno. Ukimletea chombo hakukiangalia, alikigonga kwa ukucha wa kidole gumba, akakisikiliza, akajua kimepasuka wapi. Siku moja Dama alikuja na sufuria yake kichwani.

"Fundi, yavuja hii."

"Naisikia."

"Waisikia vipi nawe hujaishika?"

"Yaja ikilalamika tangu kwa muuza mkaa. Tena umeiunguza. Wali."

"Mwongo wewe!"

"Jana."

Dama akaitua chini, akashika kiuno. "Wallahi Katana amekwambia. Mume gani huyu, siri ya chungu aitoa nje!" Fundi hakucheka. Aliigonga kwa ukucha, akasema aje kuichukua kesho kutwa.

Dama na Katana walikuwa watu wa Rabai, Wakristo, na Katana alikuwa na madebe ya kutekea tembo la mnazi. Fundi aliswali vipindi vitano na hakukaa karibu na mtu anayenuka tembo. Lakini madebe ya tembo aliyaziba, tena kwa uangalifu kuliko mengine. Bi Mwanaisha alimtilia maneno kwa hilo. Yeye alijibu kuwa debe halijapata kulewa hata siku moja.

Mtu anayegonga nyundo kutwa, nyumbani hakutaka kelele. Kijiko kikianguka alikunja uso. Nyumba yake iliezekwa makuti, na majirani walipoanza kupata mabati walimshangaa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye bati. Alisema bati ni la kuchemshia maji, mvua ikinyesha hawezi kulala chini yake. Na makuti yalipotoboka aliita mtu wa kuyapanda. Yeye ngazi hakupanda. Nilimwona mara moja akiweka mguu kipago cha pili, akashuka, akanawa uso.

Sasa niseme habari ya maji.

Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Amekuletea vitumbua, utamrudishia sahani na ndimu mbili, au chumvi kidogo, au hata unga wa kufunika sakafu ya sahani. Kurudisha chombo kikavu ni kumwambia mtu ujirani umekwisha. Fundi alilichukua jambo hili akalitia katika kazi. Hakuna chombo kilichotoka kibandani mwake kikavu. Ndoo, birika, sufuria, debe la Katana, vyote vilitoka na kata moja ya maji ndani. Ilikuwa baraka, na ilikuwa ushahidi pia. Mtu akifika kwake maji yangali mle, hana la kusema. Vibatari tu havikuhusika, hivyo vilitoka na tambi zao.

Kazi hiyo ya kata nilipewa mimi. Nilipoingia nyumba ile kuwa mke wa Athmani, Bi Mwanaisha alinionyesha mtungi, akanionyesha kata, akanionyesha ubao ambao Fundi aliwekea vyombo vilivyokwisha kuzibwa. "Ukikiona kiko hapa, kitie maji. Usingoje kuambiwa, mwenyewe hatakwambia." Ni kweli, hangeniambia. Mimi na Fundi hatukuzungumza vile watu wanavyozungumza. Alikohoa kabla hajaingia uani ili nijifunike. Sikula mbele yake. Nikimpa kitu nilikiweka chini nikarudi nyuma, akakiokota. Akiwa ananitaka neno alilisema akitazama mlango. "Mwambie mke wa Athmani kuwa uji umepoa." Nami nipo pale pale. Ndiyo heshima, na sikuiona nzito. Kwa namna yetu tulielewana. Aliweka chombo ubaoni, nikakitia maji, akakichukua akakigonga kwa ukucha, akasikia yamo. Tulizungumza hivyo mwaka mzima.

Bwana Turubai alikuja miaka miwili baada ya vita kwisha. Jina lake la kizungu sikupata kuambiwa. Watu walimpa hilo la Turubai kwa kuwa alikuwa akijenga ndege kwa mbao na kitambaa, ndani ya banda la makuti, upande wa uwanja wa ndege wa Port Reitz. Ndege ndogo, ya watu wawili. Mimi niliiona mara moja, ikiwa bado mbavu tupu. Kitambaa cha mabawa alikishona Athmani. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na sindano nzuri, na yule mzungu alimpenda. Akamwahidi kuwa ndege ikisimama sawasawa, wa kwanza kupanda naye ni yeye.

Ila tangi lilivuja. Tangi lenyewe Bwana Turubai alilitengeneza kwa mkono wake, refu, limevimba katikati kama mto wa kulalia. Petroli ilitoka kwenye maungio ikachuruzika mpaka miguuni pa mwenye kuendesha. Athmani akasema kwao kuna mtu.

Fundi alikataa. Alikataa kwa siku tatu.

"Baba, ni tangi kama tangi," Athmani alimwambia. Nilikuwa uani, nikisikia.

"Tangi la ardhini likivuja mtu hupoteza mafuta."

"Basi ndiyo maana nataka uliangalie wewe."

"Na wewe utapanda?"

"Nitapanda."

"Mimi hata ngazi sipandi."

"Wewe usipande. Ziba tu."

"Na nisipoziba?"

"Litazibwa na mwingine, nami nitapanda vile vile."

Nikasikia Fundi akimimina maji ya udhu. Baadaye alisema, "Kalilete." Niliolewa na mtu mbishi aliyezaliwa na mtu mbishi, na siku ile mmoja alishindwa.

Tangi likaletwa na Katana. Bwana Turubai alikuja nyuma yake na sigara mdomoni, na Fundi, ambaye hakupata kumpandishia sauti mtu, alimwambia, "Bwana, moto! Moto nje!" Mzungu akaitupa. Fundi akanusa mdomo wa tangi, akaligonga, akaitazama ile lehemu ya mzungu iliyojaa mabonge. Akamwuliza mwanawe taratibu, "Hii ametilia kwa kijiko?"

Petroli haichezewi na seredani. Kwanza aliliosha kwa maji ya moto na magadi mara tatu. Kisha alilijaza maji mpaka karibu na mahali anapochoma, ili ndani pasiwe na nafasi ya mvuke kukaa. Alipomaliza alilimwaga, akapaka chokaa kwenye maungio yote kwa nje, akalitia mafuta ya taa. Akakaa kwenye kigoda akaliangalia. Chokaa ikigeuka rangi, hapo pana tundu, hata liwe dogo kuliko la sindano. Alikuta matatu. Akayaziba.

Likarudi baada ya wiki. Limevuja. Akaziba. Likarudi tena, mahali papya.

Mara ya tatu Fundi alivaa kanzu akaenda mwenyewe bandani Port Reitz. Athmani ndiye aliyenisimulia. Fundi aliomba injini iwashwe, ndege ikiwa imefungwa chini kwa kamba, akaweka kiganja juu ya tangi akafumba macho. Watu wakaziba masikio, yeye ambaye hataki kijiko kianguke akasimama pale kama anaswali. Injini ilipozimwa alisema lehemu haina kosa. Tangi limekalishwa juu ya mbao kavu na kufungwa mikanda ya chuma, na injini inalitikisa, nalo linajisugua usiku na mchana kama mtu mwenye upele. Akakata vipande vya mpira wa tairi akalitandikia chini, akatia ngozi kwenye mikanda. Na ule mrija wa shaba unaopeleka petroli, uliokuwa umenyooka na kupasuka shingoni kila mara, akaupinda mzunguko mmoja kama mkia wa kinyonga, ili ukitikiswa ucheze. Bwana Turubai alimtazama, akavua kofia.

Tangi akalirudisha kibandani kwa mara ya mwisho, akaziba maungio yote upya, akalipima kwa chokaa. Chokaa ilibaki nyeupe kutwa. Kisha akaliweka juani siku mbili, mdomo chini, akaligeuza, akaligeuza. Mwisho alilifuta akaliweka ubaoni.

Mara zile za kwanza Katana alilipokea mkononi mwa Fundi, ubaoni halikupita; safari hii mimi nikaliona liko ubaoni.

Nilikwenda mtungini nikateka kata moja. Nilifikiri, hili ni kubwa. Nikateka ya pili. Nilifikiri pia kuwa ni la ndege, na Athmani atakuwa ndani ya ndege hiyo, kwa hiyo nilisema Bismillahi polepole, na maji nikayamimina polepole yasimwagike. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Kuwa maji huzima moto nilijua. Sikujua kuwa ndege inakwenda kwa moto.

Katana alikuja asubuhi. "Fundi, huyu mgonjwa amepona?"

"Amepona."

"Basi mpakie mwenyewe, mimi ukinilaumu baadaye sitaki."

Fundi akaliinua kwa mikono miwili akalilaza juu ya mkokoteni. Akaligonga kwa ukucha. Nilikuwa nyuma ya mlango, kwenye mwanya, na nikaona ametabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu. Nilidhani ni kwa sababu ya kazi yake.

Ndege iliruka kesho yake, saa nne. Tulitoka nje sote kuiangalia. Bi Mwanaisha alifunga mdomoni ukaya wake wa kichwani. Fundi hakutoka, alikuwa kibandani akikata bati, lakini mkasi ulikuwa kimya. Ndege ilipita juu ya minazi, ndogo, na sauti yake nzuri. Dama alipiga vigelegele. Ikaenda mpaka juu ya mikoko, ikainama kugeuka. Sauti ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikawa hakuna sauti.

Fundi alitoka mbio kabla sisi tulioangalia hatujajua kuna nini.

Mzungu alivunjika miguu. Athmani walimleta juu ya mkokoteni wa Katana, amefunikwa kipande cha bawa alichoshona mwenyewe. Nikatambua mshono. Watu wanasema nililia, wengine wanasema sikulia. Mimi sikumbuki. Nakumbuka kuwa mtungi ulikuwa umejaa, na watu walikunywa, ukaisha.

Siku ya tano akaja mzungu mwingine, wa serikali, na karani wa kumfasiria, na chupa. Nilikuwa ndani, nimekaa eda, mlango umerudishwa. Karani akasema kilichomo kimetolewa chini ya tangi, nyuma ya vibati vilivyotiwa ndani kuzuia petroli isichezecheze. Baadaye Bi Mwanaisha alinieleza ilivyokuwa, ile chupa. Juu petroli, chini maji, yamekaa mbalimbali kama mafuta na mchuzi. Karani akasema ndege ilipoinama maji yakateremka mrijani na injini ikafa. Akauliza maji yametoka wapi.

Nilisimama. Nilikuwa na mkono juu ya komeo.

"Ni ya kwangu," Fundi alisema. "Nililipima kwa maji. Sikulikausha vizuri."

"Wewe mzee, ulisema uliliweka juani siku mbili."

"Jua lilikuwa dogo."

Ulikuwa msimu wa kaskazi, na jua lile lilipasua ardhi. Karani aliandika. Mkono wangu ukashuka kutoka kwenye komeo, nikakaa. Sikufungua mlango. Niliandikiwa miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na kila siku kati ya hizo ningeweza kusema, na sikusema. Hakuna aliyeniuliza. Bi Mwanaisha hakuniangalia machoni wala hakuacha kuniletea chakula. Kama alijua, amekwenda nalo.

Fundi hakushtakiwa. Watu waliambiana tu kuwa fundi wa Changamwe hakukausha tangi, na neno likaenea hivyo mpaka Kisauni. Alifunga kibanda. Nyundo aliziuza zote tatu. Nilitazama zikichukuliwa, sikuona uchungu wala nafuu. Eda ilipokwisha kaka yangu Shee alikuja kunichukua nikarudi kwetu Likoni. Kutoka, nilimkuta Fundi amekaa pale palipokuwa na seredani. Nikaweka magoti chini, mbali kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," aliuambia mlango. "Mwambieni mke wa Athmani aende salama."

Ilipita miaka miwili. Nikaposwa na Bakari wa Mtongwe, baba wa watoto wangu. Kabla ya arusi Bi Mwanaisha akanitumia neno kupitia Katana kuwa mzee hajiwezi, kifua. Nilipika uji wa mchele na iliki, nikautia kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko, ambao Fundi aliutengeneza mwenyewe nilipokuwa bibi arusi. Nikavuka kivuko, nikaenda.

Alikuwa amelala kitandani barazani, mwepesi, kama mtu aliyekatwa katika bati jembamba. Bi Mwanaisha alinisalimu kisha akaenda kuchemsha maji. Nikaweka mkebe chini, nikarudi nyuma. Akanyoosha mkono akaugonga kwa ukucha.

"Huu wangu," alisema.

"Abee, baba. Ni wako."

Alikunywa uji. Niligeuza uso asione namtazama. Alikunywa taratibu sana, na kati ya funda na funda nilisikia kifua chake kikivuja kwa ndani, na nikafikiri kuwa yeye anakisikia vizuri zaidi. Nilikuja na maneno. Tangu kivukoni nilikuwa nayapanga. Nikafungua mdomo nikasema, "Baba, yale maji..."

"Nilisikia."

Nikavuta leso usoni.

"Nilipoliinua kumpa Katana," alisema. Na mara hii hakuuambia mlango, alikuwa ananiambia mimi. "Nilisikia yakicheza mle ndani. Nami ndiye niliyelikausha. Nilijua halitaki maji, mzungu amenionya mara mbili. Lakini sikio limezoea, mwanangu. Miaka mingapi? Sikio lilisikia maji likafurahi. Nilijisemea, huyu mtoto hasahau." Akakohoa. "Nilifurahi, unasikia? Nikaligonga, nikaliachia."

Mkokoteni ukapita njiani, haukuwa wa Katana.

Bi Mwanaisha alirudi, akasema jua linashuka na kivuko kitanishinda. Fundi alichukua mkebe. Ulikuwa na maji ya kusuuzia, Bi Mwanaisha aliyatia, na pembeni aliweka ndimu mbili za kunirudishia, kama desturi. Fundi aliyamwaga yale maji chini. Akashika pindo la shuka lake akaufuta mkebe kwa ndani, akazungusha kidole kwenye kila ungio, akaufuta tena, akauinamisha penye mwanga kuona kama limebaki tone. Bi Mwanaisha akasema, "We mzee, unamtoa mtoto na chombo kikavu?" Hakumjibu. Ndimu zilibaki pale pale.

Hakuuweka chini. Alinyoosha mkono, akanipa mkononi.

Niliupokea kwa mikono miwili, vidole vyake vikagusa vyangu, vilikuwa vya moto. Nikauchukua hivyo hivyo mpaka Likoni, mtupu, na watu wa kivukoni wakaniona.